Chatu wa mwanangu amegoma kula, hii ni wiki ya saba

Swali

Salaam kwako mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu Tanga, sasa tunaishi Leicester, Uingereza. Nyumbani nyoka akionekana uani wanaitwa vijana wenye fimbo. Huku mwanangu Idi, wa miaka 16, kaniletea nyoka sebuleni na kumpa jina. Ni chatu wa kifalme, dume, bado mdogo. Tulimnunua dukani mwanzoni mwa Septemba akiwa na gramu 340. Nilikubali kwa shingo upande, na sasa naona mlezi wake nimekuwa mimi.

Wiki mbili za mwanzo alikula vizuri, kipanya kimoja cha kugandishwa kila wiki. Kisha Idi akasoma mahali kwamba panya wakubwa wana lishe bora, akambadilishia. Tangu siku hiyo nyoka hajatia kitu mdomoni. Tunamjaribu kila baada ya siku mbili. Tunamtoa, tunamweka kwenye boksi la viatu pamoja na panya wake, kwa sababu tuliambiwa akilishiwa ndani ya tangi atazoea kuuma mikono. Anajikunja duara, anaficha kichwa katikati, basi. Jana tumempima: gramu 318.

Tangi lake ni la kioo, lina kifuniko cha wavu, liko dirishani ili apate jua. Taa ya joto iko juu ya wavu, tunaizima tukienda kulala. Ana bakuli la maji na gogo moja la kujifichia, lililo wazi pande zote mbili. Kipimajoto kilichobandikwa kwenye kioo kinasoma 30. Idi humshika kila jioni akitoka shule ili wazoeane.

Dukani wanasema tungoje tu. Rafiki wa Idi anasema tumfungue mdomo kwa kadi ya plastiki, tumsukumie chakula. Idi mwenyewe anataka amtafutie panya hai. Mimi naogopa asije akafa namtazama. Tuna muda gani, na tuanzie wapi?

*Mama Idi, Leicester*

Jibu

Mama Idi, tuanze na mizani, maana hofu bila namba haina mwisho. Kutoka 340 hadi 318 amepungua gramu 22, yaani asilimia 6 na nusu hivi. Kwa chatu wa kifalme wa umri huo, aliyeingia kwenye mfungo akiwa na mwili, hiyo si dharura bado. Namba ya kuandika na kuibandika ukutani ni 306. Akifika hapo kabla hajala atakuwa amepoteza asilimia 10, na hapo hakuna kungoja wala kujaribu tena: ni kwa daktari. Mpimeni mara moja kwa wiki, siku ileile, kwa mizani ya jikoni ya dijitali. Wekeni juu yake bakuli la plastiki lenye kifuniko kilichotobolewa, rudisheni mizani kwenye sifuri, kisha mtieni nyoka. Gramu tano sita zikipanda au kushuka msishtuke, ni maji aliyokunywa au haja aliyokwenda. Bakuli hilo lisirudi kabisa kwenye vyombo vya kulia. Nyoka hubeba vijidudu vya salmonela hata akiwa mzima wa afya, na mikono ioshwe kwa sabuni kila anaposhikwa yeye au panya wake.

Sasa sababu. Ulivyoeleza, ugomvi wake mkubwa ni na nyumba, na panya anasingiziwa tu. Chatu huyu ni wa Afrika Magharibi na Kati. Wengi wanaouzwa duniani asili yao ni Ghana, Togo na Benin. Huko mchana hushinda kwenye mashimo ya panya na ndani ya vichuguu: pembamba, giza, joto, na hewa yenye unyevu. Wamarekani humwita chatu wa mpira kwa sababu ya hilo duara mnaloliona kwenye boksi la viatu. Duara hilo ni woga, halina uhusiano wowote na kushiba. Nyoka aliyeficha kichwa hali, hata umletee nini.

Joto lenyewe mnalijua kwa kubahatisha. Kipimajoto cha kubandika kinapima kioo kilipobandikwa, na nyoka haishi kwenye kioo. Mnahitaji vipimajoto viwili vya dijitali vyenye waya, ncha moja chini ya taa kwenye sakafu, nyingine upande wa pili, pamoja na kile chenye umbo la bastola kinachosoma joto la juu ya kitu kwa kukielekeza. Chini ya taa, sakafuni, kusome 31 hadi 33. Upande wa baridi 25 hadi 27. Usiku isishuke chini ya 24 popote. Taa ikizimwa Leicester mwezi wa Novemba, tangi likiwa dirishani na joto la nyumba limepunguzwa, humo ndani huweza kushuka chini ya 20 kabla ya asubuhi. Nyoka hana moto wake mwenyewe wa kuyeyushia chakula. Akimeza panya kisha akapoa, nyama huanza kuoza tumboni kabla haijasagika, naye huitapika. Mwili unalijua hilo mapema na unafunga mlango.

Kwa hiyo tangi liondoke dirishani leo, liende ukuta wa ndani, mbali na televisheni na njia ya watoto. Jua la dirishani lenyewe ni hatari, maana siku likipiga sawasawa kioo hukusanya joto na nyoka hana pa kukimbilia. Badala ya taa inayozimwa wekeni taa ya kauri isiyotoa mwanga, iwake usiku na mchana, ikiongozwa na themostati, kifaa kinachoiwasha na kuizima kulingana na joto, iliyowekwa 32. Soketi yake iwe ya kauri pia. Ya plastiki huyeyuka. Ncha ya themostati ifungwe imara karibu na sakafu pale pa joto, kwa waya au kishikizo, kwa sababu nyoka akiisogeza ikaangukia upande wa baridi, au ikaingia kwenye bakuli la maji, taa itawaka bila kikomo. Gundi ya utepe msiitumie ndani ya tangi. Hubanduka, humnata, na kumtoa ni kumchuna magamba.

Wavu wa juu unapoteza unyevu wote. Funikeni robo tatu yake kwa karatasi ya alumini ile ya jikoni, acheni eneo la taa wazi na nafasi ya hewa pembeni. Kipima unyevu kisome asilimia 55 hadi 70. Matandiko ya makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina cha sentimita 5 hadi 8, ndiyo yanayotunza unyevu vizuri. Mimineni maji kidogo kwenye pembe, yashuke chini, juu pabaki pakavu, maana tumbo la nyoka likilala kwenye tope wiki nzima hutoka malengelenge. Pande tatu za kioo, kushoto, kulia na nyuma, zibeni kwa kadibodi nyeusi kwa nje.

Gogo lenye uwazi pande mbili kwake ni daraja tu, maficho hana. Anahitaji mapango mawili yanayofanana, moja pa joto na moja pa baridi, kila moja na mlango mmoja. Yawe madogo kiasi kwamba akijikunja ndani mgongo unagusa kuta na dari. Watu wengi hununua pango kubwa wakimhurumia, naye hulala nje. Bakuli la plastiki jeusi lililopinduliwa na kukatwa mlango wa sentimita 4 linafaa sawa na la dukani. Kwa nini mawili? Likiwepo moja tu atalazimika kuchagua kati ya joto na usalama, na atachagua usalama, akae na baridi yake. Nafasi iliyobaki jazeni vitu: majani ya plastiki, magome, karatasi zilizokunjwa, ili akitoka asivuke uwanja mtupu.

Hapo Idi ana kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kuacha. Asimshike hata kidogo mpaka nitakapotaja hapa chini, isipokuwa ile dakika ya mizani. Kumtoa kila jioni na kumpelekea chakula kila baada ya siku mbili kumemfundisha kwamba kifuniko kikifunguka kuna balaa. Na boksi la viatu litupwe. Hilo la kwamba akilishiwa ndani atauma mikono ni hadithi ya wauzaji. Chatu huuma anaponusa panya au anapoona kitu chenye joto kinamjia ghafla, popote alipo. Kumhamisha kabla ya kula humtia woga, na kumrudisha akiwa na panya tumboni ni kumwomba atapike.

Mkishatengeneza nyumba, hesabuni siku 7 kamili bila kumpa chochote. Siku 7 za kweli, si tano. Kila usiku mkipita, mchungulieni kwa mbali. Mkiona kichwa kimetokeza mlangoni mwa pango, kimetulia, kinatazama nje, huyo ameanza kuwinda. Lakini mkiona macho yameingia ukungu kama maji ya kuoshea mchele na tumbo limekuwa na wekundu, anajiandaa kujivua gamba. Msimpe kitu mpaka ajivue, nako kwaweza kuchukua siku 10 au zaidi.

Kuhusu chakula, Kiswahili chetu kinatuponza kidogo, maana wote wawili tunawaita panya. Kwa nyoka, kipanya cha nyumbani na panya mkubwa ni viumbe viwili vyenye harufu mbili, na chatu wa kifalme hushikilia harufu aliyoanza nayo kuliko nyoka wengi. Wenu alizoea vipanya. Mrudishieni vipanya. Kipanya mzima wa gramu 20 hadi 25 anamtosha kwa kuanzia. Kawaida mnyama wa uzito huu hula asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, lakini tumbo lililolala wiki saba halipewi mzigo siku ya kwanza. Lishe ya kipanya mzima, na mifupa na maini yake, ni kamili. Panya mkubwa faida yake ni kwamba baadaye atatosha mmoja badala ya vipanya watatu, na hilo linaweza kungoja.

Kuyeyusha ndipo wengi wanapokosea. Usiku wa kuamkia siku ya kulisha, mtieni kipanya kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, kisha kwenye chombo chenye kifuniko, rafu ya chini ya friji. Siku ya pili jioni, mfuko ukiwa umefungwa vizuri, mzamisheni kwenye maji ya moto ambayo mkono wako unavumilia kwa sekunde chache tu, dakika 10 hivi. Kisha bonyeza tumbo lake kwa kidole: likiwa na kitu kigumu kama kokoto, ndani bado kuna barafu, rudisha. Maikrowevu hapana. Hupika nje, huacha barafu ndani, na mara nyingine tumbo hupasuka, na ukishasikia harufu hiyo hutairudia. Mfuteni kwa karatasi mpaka manyoya yakauke, kisha elekezeni kile kipimajoto cha bastola kichwani mwake. Mnataka kichwa kisome 38 hadi 40. Chatu ana vishimo kwenye mdomo wa juu vinavyohisi joto. Gizani anawinda kwa hivyo pamoja na ulimi, na kipanya wa joto la chumba kwake ni kama jiwe. Kikaushia nywele kipulizwe kichwani mwa kipanya sekunde 20 kabla ya kumpeleka, kwa sababu kichwa hupoa mnapopanda ngazi.

Lisheni saa tatu usiku au baadaye, taa za chumbani zimezimwa, mwanga wa ukumbini tu. Mtu mmoja, na simu zikae mfukoni. Tangi lenu linafunguliwa juu, na kitu kinachomshukia nyoka kutoka juu ni mwewe. Kwa hiyo koleo la sentimita 30 literemke kwanza upande wa mbali, kisha lisogee chinichini likitokea ubavuni. Mshike kipanya nyonga, kichwa kitangulie. Simameni kama sentimita 10 mbele ya mlango wa pango, mtikise kidogo, tulia, mtikise tena. Msimguse pua, akiguswa tu usiku umekwisha. Mtazameni ulimi: ukitoka polepole, mrefu, ukarudia, na shingo ikaanza kujikunja kama herufi S, ganda hapohapo hata mkono ukiuma. Anaweza kutumia dakika tano kuamua. Akipiga, vuteni koleo kidogo kama vile kipanya anapigana, sekunde mbili tatu, kisha mwachieni, funikeni, ondokeni. Atambana, atamwachia, atamnusa mzima mzima akitafuta kichwa, huenda nusu saa. Wengi huharibu hapa kwa kuwasha taa wapige picha, naye humwacha.

Akirudi ndani na kuficha kichwa, msimfuate. Mlazeni kipanya juu ya kipande cha kadibodi mlangoni mwa pango, zibeni kioo cha mbele kwa kitambaa (cha mbele tu, kisifike kwenye taa), mkalale. Chatu wengi waoga hula hivyo, peke yao, saa nane za usiku. Asubuhi kipanya akiwa bado yupo, mtupeni, hagandishwi mara ya pili. Kisha siku 7 nyingine bila kujaribu.

Jaribio la tatu likishindikana, badilini harufu. Msugueni kipanya wenu kwa matandiko yaliyotumiwa na panya wa jangwani, wale wadogo wanaofugwa na watoto. Maduka ya wanyama yakiombwa kwa upole hutoa konzi moja bure. Au tafuteni kwa wauza chakula cha nyoka aina ya Mastomys, ambaye huuzwa akiwa amegandishwa. Mama Idi, huyo wewe unamfahamu. Ni ndugu wa panya shamba, yule yule anayefukua mbegu za mahindi kule nyumbani na kuwasumbua wakulima mpaka Morogoro. Jamii yake imeenea karibu Afrika nzima kusini mwa Sahara, na ni mmoja wa wanyama wanaoliwa na chatu hawa porini, kwa hiyo harufu yake huamsha waliogoma muda mrefu. Ubaya wake ni kwamba akimzoea huenda akakataa vingine, na bei yake si ya kipanya. Njia nyingine, isiyopendeza kutazama, ni kumtoboa kipanya utosi kwa ncha ya kisu mpaka ubongo uonekane. Harufu hiyo ni kali. Anayeona kinyaa asijilazimishe.

Panya hai, hapana. Meno ya panya hufika mfupa, na nyoka aliyejikunja kwa woga hajitetei. Hutafunwa mgongo hivihivi, na vidonda hivyo hushika usaha. Hapo Uingereza pia sheria ya 2006 ya ustawi wa wanyama inakataza kumtesa bila ulazima mnyama mwenye uti wa mgongo, na panya ni mmoja wao. Kadi ya plastiki ndiyo kabisa. Mdomo wa nyoka una meno membamba yanayovunjika, na kijishimo cha hewa kiko sakafuni mwa mdomo, mbele. Mkono usiojua husukuma chakula ukikibana, au hukwaruza koo, na hata kikiingia, nyoka aliyelazimishwa hutapika na kupoteza zaidi ya alichopewa. Kazi hiyo akiona inafaa ataifanya daktari.

Mbali na namba 306, nendeni kwa daktari siku hiyohiyo mkiona anapumua mdomo wazi, anatoa povu au sauti ya mluzi, ufizi una madoa mekundu au uchafu wa njano kama jibini, anatapika, kichwa kinayumba au kinatazama juu bila sababu, ngozi ikibanwa inabaki na mkunjo na macho yamezama. Vidoa vyeusi vinavyotembea pembeni mwa macho au vilivyozama kwenye bakuli la maji ni utitiri, nao peke yao wanatosha kumkatisha nyoka hamu. Pigeni simu kwanza muulize kama daktari huyo anatibu reptilia, si wote wanaotibu. Chukueni kinyesi chake cha karibuni kwenye kichupa safi, kikae kwenye friji ndani ya mfuko, kifike kabla ya saa 24. Nyoka asafirishwe ndani ya foronya iliyofungwa, ndani ya boksi, na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa taulo pembeni.

Wanaofuga wakubwa wasijipime kwa mizani hii. Dume aliyepevuka, kuanzia gramu 700 hivi, anaweza kugoma kuanzia Novemba hadi Machi kwa sababu ya majike tu, na uzito usitikisike. Huyo aachwe.

Wenu akila, saa 48 za kwanza hakuna kushikwa wala kupimwa. Mlo wa pili uwe baada ya siku 7, kipanya wa ukubwa uleule, njia ileile, hata kama Idi ana hamu ya kuongeza. Akitapika, siku 14 bila kitu, kisha nusu ya ukubwa huo. Akimeza milo mitatu mfululizo ndipo Idi aruhusiwe kumshika, dakika 10, mara mbili kwa wiki, na si ndani ya siku mbili baada ya kula. Baada ya mlo wa sita, kama bado mnamtaka panya mkubwa, chukueni aliye bado mtoto, wa gramu 30 hadi 35, na mmsugue kwa kipanya aliyeyeyushwa kabla ya kumpeleka.